Kuku Aliyepelekwa Kilioni

Sévère Ndihokubwayo wa Lubarika alikuwa na akili ya vitabu. Hilo hata mimi niliyekaa naye dawati moja miaka mitatu sikatai. Kosa lake lilikuwa kumsimulia bibi yake kila kitu. Mwaka 1956, mwalimu Basile alipotutangazia safari ya Uvira kwenda kuona kumbukumbu za zamani, Sévère alifika nyumbani akasema tunaenda kwenye makaburi ya wakubwa.

"Na weye utafika mu kilio mikono mitupu?" bibi akamuuliza. "Bantu batasema hatukukufundisha adabu."

Kwetu bonde la Ruzizi mfiwa haendewi hivihivi. Basi asubuhi Sévère akapanda kamio, lori la misheni, akiwa na kitunga kilichofunikwa majani ya mgomba, ndani yake mtetea mweusi aliyefungwa miguu. Nilikaa karibu naye. Kuku alinidonoa kutoka Sange hadi Mulongwe, na nasema wazi kwamba sikumpenda.

Mwalimu naye alikuwa na neno lake. Shule ya ualimu ilitaka mwanafunzi mmoja tu wa darasa letu, na jina la Sévère lilikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa shati la mwalimu. "Mwenye kunitia haya leo nitamfuta," alisema. "Atarudi kulima mpunga."

Tulianzia kaburi la padri mmoja wa zamani. Sévère akaangaza huku na huku. "Benye kilio bako wapi?" aliniuliza. Nikamwambia padri hana watoto. Kisha tukaonyeshwa mzinga wa vita, kutu tupu. "Mpe pole basi," nikamtania. Hakucheka. Kitunga kilikuwa kizito.

Mwisho tukafika kwenye jiwe karibu na ziwa, lenye majina ya wazungu waliokufa katika vita na Wajerumani. Mlinzi wake, mzee Habonimana, alikuwa akifagia, amevaa koti la kiaskari lisilo na kifungo hata kimoja. Mwalimu akatupanga mistari, akaamuru tunyamaze dakika nzima. Tukanyamaza. Ndipo yule mtetea alipotaga yai, na kama ilivyo desturi ya kuku, akataka Uvira nzima ipate habari.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akafunua kitunga.

"Iko nini hii?"

"Kuku, mwalimu."

"Macho ninayo! Ya nini?"

"Ya benye kilio, mwalimu," Sévère akajibu. "Bibi alikataa nikuje mikono mitupu. Lakini sijaona mwenye kufiwa hata mumoja."

Mwalimu akatoa karatasi na kalamu nyekundu. Nilimwonea rafiki yangu huruma, na kuku nikamchukia maradufu.

"Miye njo mwenye kilio," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mzee Habonimana. Ufagio alikuwa ameutupa chini. Alituambia kwamba katika vita vile yeye na kaka yake walikuwa wapagazi, wakibeba masanduku ya risasi. Kaka yake alikufia hapo, akafukiwa bila jina.

"Miaka makumi ine ninafagia hapa," alisema. "Bantu banakuja na maua, banasoma, banaenda. Hakuna hata mumoja aliniambia pole."

Sévère akapiga goti, akamkabidhi kitunga kwa mikono miwili, kuku na yai lake. "Pole, koko," akasema, kama mtu amwitavyo babu yake. Mzee akakipokea, akalia mbele yetu bila kujificha, na sisi tuliokuwa tunacheka tukaona aibu.

Mwalimu Basile aliirudisha karatasi mfukoni kama ilivyokuwa. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia darasani, akamuuliza mzee jina la kaka yake.

"Nkeshimana."

"Fungueni madaftari," mwalimu akatuambia. "Andikeni: Nkeshimana, mpagazi."

Tukaandika.