Bangili Iliyopimwa kwa Mkono wa Mama

Kila ninapokamulia limau kwenye waya wa shaba na kuusugua kwa jivu, ile harufu kali hunipanda puani na kunirudisha Chinongwe, jikoni kwa bibi mzaa mama. Siku hizi nina kimeza changu cha bangili sokoni Nachingwea, na wateja hunisifu eti nimebuni mtindo. Nimebuni nini jamani, yote ni ya bibi.

Mwaka ule nilikuwa mwali, na bibi alisema siku ya kutoka unyagoni nitavaa bangili ya shaba kama walizovaa bibi zake, mikono imejaa hadi kiwikoni. Mjomba alituletea waya kutoka Ruangwa mjini, wa mota ya mashine ya kusaga iliyoungua. Bibi akauchoma mpaka rangi yake ikaisha na waya ukalainika, kisha akautumbukiza majini, chwaa! Mimi nilikuwa nimekaa karibu kabisa, mkono nimeshaunyoosha nikisubiri kupimwa.

Bibi akanipita. Akachukua uzi, akauzungusha kwenye mkono wa mama, akafunga fundo.

Ndugu zangu, nililia. Nilijua nimeporwa bangili yangu mchana kweupe. Mama alipouliza kulikoni, nikasingizia moshi, na jioni nikaususa ugali. Bibi wala hakunibembeleza. Aliendelea kukunja waya wake taratibu, akiupapasa kwa vidole, maana macho yalishaanza kumtupa mkono.

Siku ya kutoka ilipofika, akanivalisha mimi. Mimi! Nilifurahi mpaka nikasahau kununa. Lakini bangili ilikuwa kubwa, ikabidi bibi aikaze, na waya uliozidi akauviringa juu yake, mzingo baada ya mzingo, hata upande mmoja ukawa kama umeng'atwa na nyuki. Mwali mwenzangu alivaa za dukani, nyembamba, zinameta. Mama aliona haya, akachukua koleo akate kile kilichozidi. Bibi akamshika mkono.

"Usikate," alisema. "Huo uliobaki ni wake. Atauhitaji."

Nilidhani mzee wa watu amekosea kipimo, ila hataki kusema.

Bibi alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Bangili ilipoanza kunibana, mama akafungua mzingo mmoja, ikanikaa vizuri. Nilipokwenda sekondari tukafungua mwingine, na nilipoolewa mwingine tena. Kila mara nilishukuru kwamba koleo halikufika, bila kuwaza zaidi ya hapo.

Msimu huu wa mavuno, nimenenepa kidogo, msinicheke, nikafungua mzingo wa mwisho. Hakikubaki hata kipande. Bangili ikalala mkononi, haichezi wala haibani. Nilikuwa kwa mama wakati huo, tunapepeta ufuta, naye akautazama mkono wangu kwa muda, ungo ameuweka chini.

"Mkono wangu huo," akasema. "Ndivyo ulivyokuwa siku ile bibi yako aliponipima."

Kumbe bibi hakukosea. Alijua nitakua, na alijua siku ya kunipima tena hatakuwapo, kwa hiyo akanipima mapema, kwa mkono wa mwanawe. Nami nilikaa pale nikilia kwamba nimesahauliwa.

Asante, bibi. Imenitosha.