Kusema la Mwenzako Kwanza

Nyumbani kwetu, kijijini kando ya barabara ya Sikonge, mtoto aliyegombana na mwenzake hakuruhusiwa kujitetea kwanza. Bibi, mama yake baba, alituketisha wote wawili kwenye ngozi ya ng'ombe, na kila mmoja akatakiwa kueleza kilichomuudhi mwenzake. La kwako hukuligusa mpaka mwenzako akubali: "Ndivyo." Ukitia kejeli, unaanza upya. Mara nyingi ugali ulipoa tukiwa bado pale.

Nilipokuwa chuo kikuu Uganda niliuona utaratibu huo ni wa kitoto. Kila kitu nilikitilia shaka: kanisa, Mwingereza, watemi wetu, hata waliotuhutubia habari za kujitawala. Kwa nini aliyeonewa aanze kwa kumsemea aliyemwonea? Swali hilo bado ninalo.

Likizo moja nilimkuta dada yangu mdogo hasemi na mtu. Alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana Tabora mjini, na baba amekataa. Baba alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na akishakataa hakuna aliyerudia kumwomba. Shule zikifunguliwa dada hayupo, nafasi angepewa mwingine.

Nilijiandaa kumvaa baba kwa hoja za chuoni. Bibi akanizuia.

"Wewe mume wangu, Kiingereza chako kiweke mfukoni. Huu si ugomvi wako."

Kisha akamwita mwanawe kutoka barazani, akamwonyesha ngozi.

"Mayu, mimi ni mtu mzima," baba alimwambia mama yake.

"Najua, nilikuzaa mimi. Kaa."

Wazee wawili waliomletea baba shauri lao walikuwa bado barazani, wanasikia yote. Nilidhani baba ataondoka. Akavua kofia, akakaa.

Dada alianza. Alisema baba anaogopa kwamba atarudi hataki jembe, kwamba ataolewa mbali na watu wasiojulikana ukoo wao, na kwamba majirani watasema mwanangwa ameshindwa na binti yake. Hakutia chumvi. Baba akakubali:

"Ndivyo."

Ikaja zamu ya baba. "Anataka kusoma kwa kuwa wenzake wanasoma."

"Sivyo, baba."

"Anataka kuvaa viatu."

"Sivyo."

Mzee mmoja akacheka. "Mwanangwa, leo kesi imekuelemea."

"Ngoja, yako inakuja," baba alimjibu. Halafu akafanya jambo ambalo sijamwona profesa wala afisa yeyote akilifanya. Alimgeukia mtoto wake na kumwuliza, "Basi ni nini? Niambie, maana sijui."

Dada akamwambia kwamba wanawake wa kijijini humficha dresa, yule mhudumu wa zahanati, maradhi yao kwa sababu ni mwanamume, na humtuma yeye akawaombee dawa ya kitu asichokielewa. Anataka kuwa muuguzi ili wamwambie yeye. "Hata Bibi hapa," alisema. Bibi akatazama pembeni.

Baba alirudia maneno hayo polepole, akakosea, akasahihishwa, mpaka dada akakubali.

"Sasa sema yako," Bibi alisema.

"Yangu ameshaisema. Na bado naogopa." Akavaa kofia. "Aende."

Sijui ingekuwaje kama dada angekuwa mzito wa kusema, na sipendi haki ya mtoto itegemee ulimi wake. Lakini wakubwa wa serikali wanapotuambia kuwa bado hatujakomaa kujitawala, mimi humfikiria yule mwenye madaraka aliyekaa chini kwenye ngozi, mbele ya watu, akakiri kwamba hajui. Hakufundishwa hilo darasani. Alilelewa hivyo, akatulea hivyo.

Siku ya safari, tukingoja lori, majirani walimwuliza baba kwa dhihaka binti anapelekwa wapi. Akawaeleza habari ya wanawake na dresa. Alipokosea, dada alimsahihisha mbele yao, naye akarudia.