Majivu Hupakwa Mwalimu Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya uzio. Sitanii. Ilikuwa Jumatano ya Majivu, Masasi mjini, nami binti mwenye cheti kipya cha ualimu wa chekechea na gauni nililolipiga pasi mara mbili. Padre Kiongozi, yaani yule mwenye dhamana ya parishi nzima, alinikabidhi watoto thelathini na kitu nyuma ya kanisa.

"Wazuie wasiingie mpaka ibada iishe. Leo siku nzito."

"Niwafundishe nini, Padre?"

"Usiwafundishe chochote. Kwaresima si ya watoto. Mtoto ana dhambi gani?"

Basi tukakaa juani, milima ya mawe ikitutazama, sisi tukiitazama. Wazazi walipotoka na misalaba myeusi kwenye paji la uso, mtoto mmoja akaangua kilio akidhani mama yake kaungua. Mama mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, hawa wataingia ndani, na watajua wanachokiona. Vijana wa siku hizi mnaokuta mikeka ya watoto imetandikwa mbele ya altare mnadhani ilijitandika yenyewe.

Mwaka wa tatu nikahamishiwa Lisekese, chini ya Mratibu wa Shule ya Jumapili, mama mmoja mkali kama pilipili kichaa. Huyo ndiye aliyenipa ufundi. Siku moja alinikuta nawakaririsha watoto wa miaka mitano maana ya toba. Akanitoa nje kwa kidole.

"Hilda, mtoto mdogo hasikii kwa masikio. Anasikia kwa vidole. Mpe kitu ashike."

Tukaanza kuwapa vitu. Zambarau ni rangi ya Kwaresima, basi kila mtoto alileta kitambaa chochote cha zambarau, hata pindo la kanga ya bibi, tukashona pazia moja la viraka la kufunikia msalaba wa darasa. Haleluya haiimbwi siku zile arobaini, basi tuliichora kwenye kipande cha boksi na kuifungia sandukuni, na ole wake aliyeiimba kwa bahati mbaya, wenzake walimrukia! Njia ya Msalaba, vile vituo kumi na vinne vya kutafakari mateso ya Bwana, tuliifinyanga kwa udongo wa kichuguu. Yesu wetu wengine walitoka na masikio ya sungura. Mratibu alisema waachwe hivyohivyo.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote nilikibuni mwenyewe. Jumatano ya Majivu kila mtoto alipanda pingili ya muhogo, kijiti kikavu tu, kwenye kopo lenye jina lake. Wiki ya kwanza kijiti ni kijiti. Mtoto anakuja, anachungulia, ananuna. Pasaka ikifika, kina majani. Sikuhitaji kuhubiri.

Nilipopandishwa Newala, kule Mkunya, nilikuwa na jina tayari. Na jina lina hatari zake. Katekista Mkuu wa pale, mzee mpole asiyependa makuu, alinikubalia kitu ambacho hakuna aliyewahi kunikubalia: ibada ya Majivu ya watoto peke yao, asubuhi, wazazi wakiwa nyuma. Padre aliruhusu nipake mimi.

Majivu yenyewe hutokana na misalaba ya ukindu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Waumini huirudisha, inachomwa. Lakini Mkunya hairudishwi! Watu huichomeka juu ya mlango ilinde nyumba, na nani atakayekung'olea ulinzi wake? Nilipata misalaba minne. Majivu yake hayakujaza kijiko.

"Paka kidogo kidogo," Katekista Mkuu akasema. "Mungu haoni kwa miwani."

Mimi sikutaka kidogo. Nilitaka wazazi wale wa nyuma waone msalaba mweusi, waseme, Mwalimu Hilda anajua kazi. Majivu ya kuni niliyakataa kwa kuwa ni meupe, na kwetu mtoto aliyepakwa vyeupe usoni ni wa jandoni, wazee wangesema nimechanganya mambo. Uani kwa jirani palikuwa na rundo la maganda ya korosho yaliyobaki wakati wa kukaanga, meusi tititi. Nikayachoma tena, nikayatwanga, nikachanganya.

Kila mtoto wa uwanda ule anajua mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Mimi nimekua na malengelenge ya kubangua korosho vidoleni. Nilijiambia moto umeyamaliza mafuta. Haukuyamaliza.

Alhamisi watoto saba walikuwa na mapaji yaliyovimba. Veronika, binti wa miaka mitano, lake lilitoka malengelenge yenye umbo kamili la msalaba. Mama yake, anayeuza mihogo ya kukaanga sokoni, alikuja na mtoto mgongoni. Nikamsalimu, hakuitikia.

"Mwalimu, wewe umezaliwa wapi? Ulaya?"

Nikainama chini kwa aibu.

"Ulijipaka na wewe?"

"Sikujipaka, Mama Veronika."

"Ahaa! Watoto wetu ndio ubao wa kujaribia. Huyu harudi kwako."

Jioni Katekista Mkuu akaniita. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mwalimu, wazazi wote wamesusa. Ikifika Matawi darasa likiwa tupu, nalifunga. Watoto watarudi kucheza nje mpaka Misa iishe, kama zamani."

Kama zamani! Miaka kumi na mitano ya kuwaingiza ndani, na mimi mwenyewe ndiye nimewatoa.

Asubuhi nikachukua kopo la yale majivu, nikaenda mpaka kwa Mama Veronika. Nikapiga hodi, nikasimama uani, nikajipaka msalaba mnene usoni mbele yake.

"Mwalimu, acha wazimu!"

"Si wazimu. Nilipaswa kuanza mimi. Nisamehe."

Kesho yake paji langu lilikuwa kama chapati iliyoungua. Na uso huohuo nikapita nyumba zote saba, nikabeba dawa ya kupaka kutoka zahanati, nikaomba radhi kwa kila mzazi. Wengine walinipa kiti, wengine walinipa mgongo. Jumapili nilifundisha watoto wawili. Iliyofuata, mmoja, naye alikuja kwa kuwa nyumba yao inapakana na kanisa.

Makopo lakini yalikuwepo. Makopo yote, na majina yake. Mvua ilikatika mwaka ule, na Mkunya maji ni mali, basi maji niliyonawia uso ndiyo niliyomwagilia. Sikuacha hata siku moja. Nililia pale mara mbili, nisiwadanganye.

Wiki ya tatu nikaona vidole kwenye uzio wa mianzi. Alikuwa Veronika, kovu lake limeanza kufifia.

"Shikamoo, Mwalimu. Muhogo wangu umekufa?"

"Marahaba. Njoo uone."

Alipoona majani mawili alipiga ukelele ukafika sokoni. Kesho yake walikuwa watatu uzioni, keshokutwa saba, na kila mmoja alikwenda kumsumbua mama yake nyumbani. Jumapili ya Matawi darasa lilijaa. Mama Veronika alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Nimewaleta," akasema. "Lakini mwakani unajipaka wewe, siku moja kabla, na sisi tunakagua."

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Jumanne mwalimu anajipaka. Jumatano watoto wanapanga mstari, kila mmoja anamgusa paji la uso ndipo apakwe. Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu. Mwalimu aliyenirithi, kijana wa chuo, aliniuliza kanuni hiyo imo kitabu gani. Nikamwambia asome paji langu.

Mwaka huu nilikaa benchi la nyuma na Mama Veronika, sote sasa tunatembea kwa fimbo. Veronika alikuwa mbele na mwanawe wa miaka minne. Mstari ukaanza. Mama Veronika akanigonga kwa kiwiko.

"Yule mwalimu wako hakujipaka jana. Tazama, msalaba bado mbichi."

Nikainuka, mstaafu mimi. "Mwalimu, umejipaka lini?"

"Shikamoo, Bibi. Asubuhi hii, nilipitiwa. Lakini majivu ni ya ukindu mtupu."

"Marahaba. Hata mimi nilikuwa na uhakika. Leo wataimba na kupanda mihogo. Majivu watapakwa kesho."

"Kesho ni Alhamisi, Bibi!"

Veronika akamtoa mwanawe mstarini, akamshika mkono. "Bibi amesema."

Watoto wakaimba. Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika, nikamshika kijana wa watu kidevu, nikamgeuza uso kwenye mwanga. Paji lilikuwa safi, halina uvimbe wala lengelenge.

"Haya," nikasema. "Wapake."