Mhandisi wa Rimma

Saa kumi na mbili asubuhi, Rimma Gulyayeva anapanda ngazi ya chuma kuelekea kibanda cha winchi yake, kitambaa chekundu kichwani. Wenzake wa kiwanda hiki cha chuma cha Urali hawamwachi apande kwa amani.

"Rimma! Mhandisi wako hajambo?"

"Anakuja kukuposa lini?" mwingine anadakia, na kicheko kinamsindikiza hadi juu.

Mhandisi huyo yumo kwenye filamu tu. Mwaka juzi, mtunzi wa filamu kutoka Moscow alishinda jikoni kwa Rimma wiki nzima, akidadisi habari za mapenzi na ndoa huku akila supu ya kabichi aliyoipika mumewe, Venyamin.

Rimma anapata rubo mia na themanini kwa mwezi, mshahara ambao Venyamin, fundi saa, haufikii. Rimma akiwa zamu, Venyamin ndiye anayepika, anayefua na kumpeleka mtoto chekechea.

Filamu ilipoonyeshwa mwezi uliopita, ukumbi mzima ulimtambua Rimma: winchi, kitambaa, hata birika lake. Lakini mume wa kwenye filamu ni mlevi. Mhandisi mgeni anamwokoa mwanamke, wanafunga ndoa, na mwanamke anashuka kwenye winchi asipande tena.

Tangu siku hiyo Venyamin analala jikoni.

"Swali lake ni lile lile," Rimma anamwambia mwandishi wa habari hizi, machozi yakimlengalenga. "'Kitambaa chako, birika letu. Vyote vya kweli, ila mhandisi peke yake wa uongo?' Nimeapa mpaka nimechoka. Nikitoka zamu anapekua mkoba wangu."

Jumamosi iliyopita watu wa filamu walikuja kuijadili na wafanyakazi, kama ilivyo desturi. Rimma akasimama.

"Ndugu Mwongozaji, mhandisi mlimtoa wapi? Sema, mume wangu asikie."

"Tulimbuni, Ndugu Rimma."

"Na mume wangu mlimtupa wapi?"

Mwongozaji akatabasamu. "Mke yuko juu ya winchi, mume anafua! Nani angeamini?"

"Sisi wanaume hupika siku moja tu, Siku ya Wanawake. Kwa Gulyayev ni mwaka mzima!" mtu akapayuka. Ukumbi ukavunjika mbavu. Venyamin akatoka.

Leo jioni, Venyamin anamtengea mwandishi wa habari hizi supu huku akimwangalia kwa jicho la pembeni.

"Na wewe utanifanya nini? Mlevi tena?"

"Si umesikia mwenyewe, Venya?" anasema Rimma. "Mhandisi hakuwepo."

"Nimesikia. Heri angekuwepo. Mhandisi ningempiga ngumi. Kile kicheko nikipige wapi?"

Anachotaka Rimma ni mumewe arudi chumbani, na jambo moja kutoka gazetini.

"Andika jina lake lote," anasema. "Venyamin Osipovich Gulyayev. Anapika, anafua, na mimi winchi siiachi."

"Usiandike," anasema Venyamin, akiosha vyombo. "Watalibandika ukutani kiwandani."

Rimma anamshika mkono, umejaa povu la sabuni, wala hauachii.

"Walibandike. Andika."