Simu ya Upepo Juu ya Kichuguu

Gaudencia Adeke hakuogopa damu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkunga, na mikono yake ilikuwa imepokea watoto juu ya mikeka, nyuma ya malori, na mara moja kwenye foleni ya forodha pale Malaba, madereva na mataniboi wakigeuza nyuso kwa heshima. Akikuta nyoka shambani alimpiga jembe akaendelea kupalilia. Kitu alichokiogopa, tangu Julai mwaka 1976, kilikuwa cheusi, kizito kama tofali dogo, kina antena ya kuvuta, na kilikaa kabatini kati ya pamba na chupa ya iodini.

Watu wa pale walikiita simu ya upepo. Vilikuwa viwili, na aliyevileta ni Bruda Kizito wa misheni, mzee aliyependa kuongea na dunia kwa redio tangu ujana wake, mwenye leseni ya kazi hiyo ameitundika ukutani karibu na msalaba. Mpaka na nchi jirani ulipochafuka mwaka ule, malori ya mafuta yakazuiwa, na simu ya waya ikawa inakufa siku tatu kwa wiki. Bruda akaenda polisi, akapigiwa muhuri karatasi yake, kisha akagawa. Kimoja alimpa Gaudencia pale zahanatini, karibu na mto Malaba, ambao ndio mpaka. Cha pili alimpa Phanuel, dereva wa Land Rover ya misheni, maili nne huko kilimani. Mama mzazi akilemewa, gari liitwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Kishike wima kama mshumaa," Bruda alifundisha. "Bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme. Ukimaliza, achia. Usipoachia husikii kitu, na mwenzako hawezi kukujibu. Na mujue, yeyote mwenye chombo kama hiki anaweza kuwasikia."

Siku ya kwanza ya kujaribu, Gaudencia alibonyeza akamsalimu Phanuel. Akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama yake kule Matayos, na za yule ng'ombe aliyevunjika mguu. Kidole hakikutoka kwenye kitufe. Alipoachia hatimaye, sauti ya Phanuel ikatoka imechoka.

"Dada, umemaliza betri ya wiki nzima kwa ng'ombe mmoja. Kwa hii kitu hakuna salamu. Sema jina, sema shida, achia."

"Nianze tu na shida, kama mtu asiyelelewa?"

"Kama mtu ambaye nyumba yake inaungua."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mdogo wake Joash alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la chumvi. Mwaka uliopita alivuka mpaka kwenda ng'ambo na hakurudi. Waliorudi walisema alikutwa na karatasi yenye namba za simu za tajiri wake, askari wa huko wakamwita mpelelezi. Kama karatasi ilitosha kumpoteza Joash, Gaudencia alijiuliza, je, chombo kinachoongea?

Kulikuwa na shida nyingine. Ndani ya zahanati chombo kilikoroma tu. Mahali pekee kiliposhika vizuri ni juu ya kichuguu kikubwa kilichosimama shambani upande wa mtoni, kirefu kumzidi mtu. Na kichuguu kina mwenyewe, kama vile ng'ombe ana mwenyewe. Hiki kilikuwa cha Mzee Oriokot, alikirithi kwa baba yake, na kumbikumbi waliotoka humo walikuwa wake kuvuna na kula.

"Sista, hii si posta," alimwambia alipomkuta juu mara ya kwanza. "Ukiwakanyaga watahamia kwa jirani yangu Oluka. Na Oluka hajawahi kunipa hata kiganja kimoja."

Gaudencia alishuka bila ubishi, tena kwa shukrani. Ukisimama pale juu ulikuwa unaona ng'ambo ya mto, hema za askari na nguo zao zimeanikwa. Na kama unawaona, wanakuona.

Alhamisi moja ya Agosti, baada ya mvua ya mchana, Jerusha alijifungua. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, aliyeletwa kwa baiskeli na mama mkwe wake, Caren. Mtoto alitoka salama akilia. Kisha damu ikaanza kutoka, na haikusimama. Gaudencia alimdunga sindano ya mwisho iliyokuwamo kabatini. Alimsugua tumbo, akapachika vitambaa. Damu ikaendelea, kimya kimya, kama mtu anayejua njia.

Alimshika Caren mkono akauweka juu ya tumbo la mkwewe. "Sugua hapa. Usiache hata ukichoka." Akafungua kabati.

Shamba lilikuwa limelowa na kuteleza. Alipanda kichuguu kwa mikono, kama mtoto. Akavuta antena. Akabonyeza.

"Phanuel, Phanuel. Hapa ni Gaudencia."

Akaachia. Mkoromo tu. Kisha sauti ya mwanamume, karibu mno, tulivu mno, kwa Kiteso:

"Yoga."

"Yoga noi," akajibu.

Alijibu kabla hajafikiri. Tangu akiwa mgongoni mwa mama yake alijua kwamba mtu akikusalimu, unaitikia; hata adui, hata mlevi, hata mgeni gizani.

"Habari za huko, mama?" sauti iliuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Za huku nzuri."

"Uko upande gani wa mto?"

Hapo kidole chake kikaganda. Sauti ile haikuwa ya Phanuel, wala ya mtu yeyote wa misheni. Aliinua macho. Ng'ambo, kando ya hema, wanaume wawili walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa ameinua kitu usoni, na jua likamulika kioo.

Gaudencia alishuka kwa makalio mpaka chini, akajibanza upande wa nyuma wa kichuguu. Alifikiri juu ya Joash. Alifikiri kukimbia maili nne kwa miguu, akahesabu damu ambayo ingemwagika wakati huo, akajua kwamba hesabu haifiki.

"Sista," Caren aliita kutoka mlangoni, sauti imepasuka. "Kitambaa kimejaa tena."

Mzee Oriokot alimkuta hapo. Alikuwa amebeba blanketi kuukuu, fito na vijiti viwili, kwa maana baada ya mvua kama ile kumbikumbi hutoka.

"Umerudi posta," alisema. Kisha akaona aproni yake. "Nani?"

"Jerusha. Nikipanda tena watanipiga risasi, mzee. Wamenisikia. Nimewajibu mimi mwenyewe."

Mzee alitazama ng'ambo kwa muda, kama anayekadiria mvua. Alipanda akachomeka fito juu ya kichuguu, akazifunika kwa blanketi, kibanda kama kile ambacho kila mtu wa pande zile hujenga anapovuna. Akainua upindo.

"Ingia kwa nyuma."

"Na wewe?"

"Mimi ni mzee anavuna kumbikumbi. Wakitaka kuniua kwa hilo, wale na kumbikumbi."

Akaketi mbele ya kibanda, akaanza kugonga kipande cha gogo kwa vijiti, taratibu, mlio wa matone, ili wadudu wadhani mvua inaendelea.

Ndani kulikuwa na giza la sufu na harufu ya udongo uliolowa. Gaudencia alipiga magoti. Antena iligusa blanketi, akailaza kidogo. Mabawa yalianza kumtambaa vifundoni, shingoni. Akabonyeza, akavuta pumzi moja.

"Phanuel. Jerusha anatokwa damu. Leta gari."

Akaachia.

"Mama," ile sauti ilisema, bado tulivu. "Nilikuuliza swali."

Hakujibu. Kunyamaza kule kulimwuma kama anayemtemea mtu mate usoni, na alijishangaa kwamba hata sasa kulimwuma. Akabonyeza.

"Phanuel. Damu. Leta gari."

"Phanuel ni nani? Gari lije wapi?"

Mkoromo. Vijiti vya Oriokot. Kumbikumbi mmoja aliingia kwenye nywele zake akapiga mabawa. Kisha, kwa mbali, nyembamba kama uzi:

"Nimesikia. Nakuja."

Phanuel hakutaja kituo, hakutaja njia. Alikuwa amesikia na maswali ya yule mtu.

Gaudencia alipokuwa akitambaa kutoka, mlio wa bunduki ulisikika ng'ambo. Mmoja tu. Labda walipiga hewa, labda ndege. Vijiti vya mzee viliruka pigo moja, kisha vikaendelea. Gaudencia alifika zahanatini bila kujua alivyofika, akampokea Caren ambaye mikono ilikuwa imekufa ganzi, akasugua, akasikiliza. Kila ngurumo ilikuwa gari na kila ngurumo ilikuwa askari. Land Rover ilipoingia uani alikuwa ameshika mkasi, na Phanuel alilazimika kumwambia mara mbili auweke chini.

Walimlaza Jerusha nyuma ya gari apelekwe hospitali, mtoto kwa Caren. Phanuel alinyoosha mkono.

"Bruda amesema nirudi na hicho chombo. Amemsikia yule mtu. Anasema hawezi kulala ukiwa nacho."

Gaudencia alitaka kumpa. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka. Lakini alimwona Jerusha, uso wa rangi ya jivu, na akaona jinsi gari litakavyoondoka naye na yeye abaki hapa asijue kitu.

"Mwambie asilale," alisema. "Kwanza nijue kama binti amepona."

Jumamosi hakukuwa na mvua wala kumbikumbi, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kutandika blanketi juu ya kichuguu. Alingoja mpaka mchana, akijidanganya kwamba anangoja wingu. Kisha akapanda kama alivyo, na gauni lake jeupe, mgongo kwa mto kwa sababu hakuweza kuutazama. Ngozi kati ya mabega ilimsisimka, pale ambapo risasi ingeingilia.

Akabonyeza. "Phanuel. Jerusha."

Akaachia. Mkoromo ukakatika. Mtu fulani alikuwa amebonyeza kitufe chake. Alipumua, mara moja, mara mbili, akaachia. Gaudencia alifumba macho. Hakushuka.

"Amekunywa uji," Phanuel alisema. "Amemnyonyesha mtoto."

Akasukuma antena ikaingia, akaketi pale pale juu, akingoja miguu ikubali kumshusha.