Vidonge vya Kiuno

Nilikuwa darasa la nne pale Sindeni mwaka ambao shangazi yangu Mwanahawa, aliyenilea, alianza kumeza vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu. Msimu wa palizi kiuno kilimsumbua, basi alfajiri alimeza viwili kwa chai ya rangi, tumboni hamna kitu, akashika jembe. Jioni viwili tena. Dukani walimuuzia bila kumuuliza neno. Alinikanya nisimwambie baba, kaka yake, maana angemzuia kulima.

Jirani yetu alikuwa Mama Neema, mjane wa Kishambaa kutoka milimani. Siku moja alimletea shangazi bakuli la maharage. Kesho yake shangazi akatapika damu.

Wanawake walijaa uani. Kwetu husemwa kwamba anayetapika damu kalishwa kitu, na anayelisha ni mtu wa karibu. Bibi, mama yake shangazi, akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Jana shangazi yako alikula nini?"

Vidonge nilivijua. Hata mahali alipovificha nilipajua. Lakini nilikuwa nimekanywa, na macho yote yalikuwa kwangu.

"Maharage ya Mama Neema," nikasema.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Shangazi alipelekwa hospitali Korogwe, na nyumbani watoto tukaambiwa tusipokee chochote kwa yule mama. Mimi mwenyewe nikaanza kumchungulia. Akichuma mboga nilijiuliza anachuma nini. Akinisalimia nilikimbia. Nilijua ninachokijua, na bado nilimwogopa.

Shangazi alirudi amekonda. Daktari alikuwa amembana kwa maswali mpaka akakiri, akaambiwa vidonge vile vimemtia vidonda tumboni, asiviguse tena. Hilo alimwambia baba, baba akamwambia bibi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari anajua matumbo," akasema. "Hajui watu."

Kabla ya mavuno Mama Neema alifunga mizigo akahamia Hale. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyekuwa akimwitikia salamu, basi.

Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao shangazi siku zile. Nimewahi kupita Hale mara nyingi na sijawahi kumuulizia. Ningemkuta ningemwambia nini? Kwamba nilidanganya? Sikudanganya. Maharage aliyala kweli, na nililoulizwa nililijibu.