Gia ya Pili na Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa mwalimu wa ufundi pale Nshamba, na ugonjwa wake mkubwa, ukiniuliza mimi, ulikuwa gari la spoti. Aliachiwa na mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa aliyefunga virago miaka michache baada ya Uhuru. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, paa la turubai, na lilikaa chini mno hivi kwamba ukiwa ndani unatazamana na mbuzi. Siasa ya Ujamaa ilipokolea, walimu wenzake walimtania kuwa yeye ni kupe mwenye magurudumu. Aliwajibu kwamba hawajawahi kuona kupe anayesukumwa kila asubuhi ili awake.

Halafu giaboksi ikakatika meno. Spea hazikupatikana Bukoba, hazikupatikana Mwanza, na barua alizoandika mbali zaidi hazikujibiwa. Mwanamume mwingine angelifunika gari kwa majani ya migomba akalisahau. Wangu alikwenda akapata giaboksi ya pikapu ndogo iliyopinduka, akaipima kwa kamba na rula ya darasani, akaamua itaingia. Iliingia, baada ya kukatakata chuma huku na huku. Tatizo lilikuwa mkono wa gia. Kwenye pikapu hutokea mbele kabisa, karibu na miguu, mahali ambapo dereva wa gari lile hawezi kufikia. Basi akachomelea bomba, akalipinda lirudi nyuma na kuegemea kidogo upande wa abiria. Ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Nilicheka, lakini gari lilikwenda, na mimi mwenyewe nilijifunza kuliendesha katika uwanja wa mpira hadi nikapata leseni.

Mama yangu aliishi Kishanda, na goti lake lilikuwa limekwisha. Mdogo wangu wa kike alikuwa mtawa, na alikaribia kuweka nadhiri zake za daima Kashozi. Nadhiri zake za kwanza Mama alizikosa: basi halikuja, na lilipokuja kesho yake lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Alilia hadi nikamwogopea. Safari hii alisema atafika hata kwa kutambaa, na mume wangu akaniambia nimwambie kwamba hatatambaa, atapelekwa.

Nasema "akaniambia nimwambie" kwa sababu kwetu mama na mume wa binti yake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa katikati, hata kama wote watatu wamo chumba kimoja. Mtu huyo nilikuwa mimi, na kazi hiyo ilinichosha. Kwamba Mama alikubali kukaa kiti cha kando ya mkwewe, katika kigari kile, ni goti tu lililomlazimisha.

Mume wangu alitaka kwanza wazoee kusafiri pamoja, kwa hiyo akaanza kumpeleka zahanati ya Nshamba. Mara ya kwanza tu, kwenye mteremko, gia ya pili ilichomoka yenyewe. Gari likawa frii, likateremka linavyotaka, na breki zikatoa moshi kabla hajalisimamisha katika shamba la migomba ya watu. Safari iliyofuata, mteremko uleule, gia ileile.

Akaishusha giaboksi. Alisema huenda springi inayoshika gia imechoka, akabadilisha. Akajaribu peke yake: gia ikatulia. Akanipakia mimi: ikatulia. Akasema labda ni uzito, maana Mama ni mnene kunizidi, akafunga gunia la kahawa kwenye kiti cha abiria na kupanda na kushuka mteremko ule hadi wanafunzi wakamfanyia wimbo. Gia haikutikisika. Akampakia Mama, ikachomoka.

Akaufupisha mkono wa gia akidhani unajivuta kwa uzito wake. Akakaza nati zote. Jioni alilala chini ya gari miguu ikiwa nje, nami nikampitishia chai huko huko chini. Sikuwa na maneno mazuri siku zile. Kila nilipoona ile miguu niliwaza kanisa la Kashozi na nafasi ya Mama ikiwa tupu tena.

Mama naye alikuwa ameshapata jibu lake.

"Mwanawange, mwambie mwenzako asijisumbue," alisema. "Gari limesema. Mimi na yeye hatukupaswa kukaa bega kwa bega. Sitakwenda."

Hapo nilipandwa na hasira, na hasira yangu mara chache husaidia, lakini siku ile ilisaidia. Ilibaki siku moja tu. Nilimwambia mume wangu ampakie Mama tena, na mimi nitapanda.

"Utakaa wapi? Viti ni viwili."

"Juu."

Alikunja turubai, nikakaa juu yake nyuma ya viti, nimeshika huku na huku, majirani wakitoka kuangalia. Kutoka pale niliona kila kitu. Mlango ulipofungwa, Mama aligeuka akaipa migomba uso na mkwewe mgongo, akajifunika shuka kichwani. Kisha akachukua ule mkeka wake uliokunjwa, wenye nguo ndani, ambao siku zote nilimwona akipanda nao nikadhani ni mzigo tu, akaulaza katikati ya viti, kati yake na mkwewe. Mume wangu hakuona. Asingeona hata nyumba ikiungua upande ule, kwa maana shingo yake ilikuwa imekakamaa mbele kwa heshima.

Tulipoanza kuteremka akavuta mkono wa gia nyuma, gia ya pili. Mkeka ukateleza mbele taratibu, ukaegemea lile bomba, ukalisukuma. Tap! Frii.

"Kanyaga breki!" nilipiga kelele, na aliposimamisha nikashuka nikacheka hadi nikakaa chini barabarani.

"Mae waitu, unamcheka nani?" Mama aliuliza kwa mshangao.

"Mama, huo mkeka uliuweka wa nini?"

"Ulitaka nikae naye pasipo kitu katikati?"

Mume wangu aliuliza kuna nini huko, bila kugeuka. Nilimweleza. Alisema anaweza kuukata mkono wa gia na kuupindia upande wake, lakini mashine ya kuchomelea ilikuwa imefungiwa shuleni na aliyekuwa na ufunguo alikuwa safarini. Kumwambia Mama autoe mkeka, hakuna kati yetu aliyethubutu kulitamka.

"Nitaendesha mimi," nilisema.

Nilijua nilichokuwa namnyang'anya. Alikuwa ameota kuingia Kashozi na gari lile mbele ya walimu aliosoma nao. Alinipa ufunguo, na alfajiri akapanda lori la ushirika juu ya magunia.

Mama alipokaa nami aliutupa mkeka miguuni, akaunyoosha mguu wake mbovu, akatoa mkono nje kushika upepo. Gia ya pili ilishika hadi tukafika chini Bukoba. Kanisani Kashozi Mama alikaa benchi la mbele. Mdogo wangu alipolala kifudifudi sakafuni, Mama alinishika mkono, na mdogo wangu alipoinuka akiwa mtawa wa daima, Mama alikuwa bado ameushika.

Tulipotoka mume wangu alikuwa amesimama karibu na lori, nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Mama aliutazama ukuta wa kanisa.

"Mwambie arudi na gari lake. Mimi nitapanda lori."

"Na hilo goti?"

"Goti ni langu."

Mume wangu alikuwa hatua chache tu, na alisikia kila neno. Alivua kofia, akanitazama mimi.

"Mwambie Mama kwamba giaboksi ile niliishusha na kuifunga tena ili yeye afike hapa. Amefika."

Kisha akatupa kisogo, akakanyaga gurudumu la lori na kujivuta juu ya magunia. Mama aliuacha ukuta. Aliinua uso akamtazama mgongoni, waziwazi, mbele ya watu wote, mpaka lori lilipoondoka.